Foleni ya chumvi kutoka majini

Masika yakiingia pwani, chumvi ya mawe huanza kulia. Kibakuli kilichoachwa wazi jikoni kinaamka na maji chini, mfuko wa dukani unalowa pembeni, na muuza mafungu sokoni analiona gunia lake likibadilika rangi chini ya bidhaa. Wengi wana dawa yao: punje za mchele ndani ya kichupa. Wachache hujiuliza kwa nini chumvi laini ya pakiti, iliyokaa rafu hiyo hiyo, haisumbui kiasi hicho.

Kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani ikiwa safi, huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesiamu haina subira hiyo. Yenyewe inaanza kwenye asilimia 33, kiwango ambacho ni nadra hewa ya Tanga, Mombasa au Zanzibar kushuka chini yake, hata kiangazi. Kiasi kidogo tu cha magnesiamu kinatosha kulowesha kibakuli kizima. Na magnesiamu hiyo haikuwa na sababu ya kuwamo. Imeingia kwa sababu kule kwenye shamba la chumvi mtu alichelewa kufungua lango la maji.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ya mezani ni kama gramu 27. Zinazobaki ni chumvi za magnesiamu, gramu 5 hivi, jasi zaidi kidogo ya gramu moja, potasiamu chini ya hapo, na chembe za chokaa. Mwanakemia anaposema chumvi anamaanisha ukoo huu wote na mwingine mrefu zaidi: kitu chochote kilichojengwa kwa chembe zenye chaji chanya na chaji hasi zilizoshikana, kuanzia magadi ya kupikia maharage hadi mbolea ya CAN. Zote ni chumvi, lakini mbele ya maji kila moja ina tabia yake. Nyingine humwagika ndani yake kwa makumi ya gramu, nyingine hukubali miligramu chache tu, kisha basi.

Mkulima wa chumvi anaishi kwa tofauti hiyo, hata kama hakuwahi kuiandika ubaoni. Kuanzia Ngomeni na Gongoni, kaskazini mwa Malindi, kushuka Saadani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi hadi Mtwara, kazi ni ile ile. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, yakafungiwa kwenye bwawa pana la kina kifupi, halafu yakasogezwa bwawa hadi bwawa huku jua na upepo wa kaskazi vikiyapunguza. Mgeni akifika huona madimbwi yanayofanana, mengine yakiwa na rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda maji makali. Kumbe kila bwawa lina kazi yake, na kazi hiyo ni kuziondoa chumvi majini kwa foleni.

Wa kwanza kutoka ni chokaa. Maji yanapopungua hadi nusu hivi, kaboneti ya kalsiamu imeshaanza kutua chini pamoja na tope. Yakibaki moja ya tano, jasi inajitokeza. Huota kama ngozi ngumu yenye miiba midogo sakafuni, na mtu anayekanyaga peku anaijua kabla hajaiona. Yakibaki moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inapoanza kuganda. Magnesiamu na potasiamu hubaki ndani ya maji mpaka mwisho, wakati kilichosalia ni kama asilimia 4 ya maji yaliyoingia. Mpangilio huu ulipimwa hatua kwa hatua na mwanakemia Usiglio, ambaye mwaka 1849 alichapisha matokeo ya kuvukiza maji ya Bahari ya Mediterania. Vipimo vyake bado vinatajwa katika vitabu vya jiolojia. Wachumvi wa pwani nyingi duniani walikuwa wakivuna kwa mpangilio huo huo zamani kabla yake.

Kuna jambo hapa ambalo ni rahisi kulipita. Jasi huyeyuka kidogo sana, gramu 2.4 hivi kwa lita ya maji ya kawaida, na chumvi ya mezani huyeyuka gramu 360. Kwa hesabu hiyo tu, mtu angetarajia jasi itue mapema kuliko inavyofanya. Lakini foleni haipangwi na uwezo wa kuyeyuka peke yake. Inapangwa pia na wingi wa kila chumvi majini, na jasi ya baharini ni chache. Chumvi hutoka pale maji yanapokuwa yameshiba chumvi hiyo, na kushiba kwa jasi hakuyazuii maji kuendelea kubeba sodiamu. Kila moja ina shibe yake.

Ustadi basi ni kujua wakati. Maji yaliyokwisha kuacha jasi yahamishwe kabla chumvi haijaanza kuganda, ama sivyo vyote viwili vitalala sakafu moja. Halafu, chumvi ikishaganda kiasi cha kutosha, maji yanayobaki juu yake yamwagwe kabla magnesiamu haijapata nafasi ya kutua. Shamba lenye kifaa hutumia haidromita, kichupa cha kioo kinachoelea, kilichochorwa digrii za Baumé. Maji ya bahari husoma kama 3.5. Kwenye 25 au 26 chumvi inaanza. Kwenye 29 au 30 lango linatakiwa kufunguliwa, maji machungu yaende. Wasio na kifaa hutegemea macho, vidole na ulimi, na wazoefu wao hawakosei sana.

Anayekosea, mara nyingi hakosei kwa kutojua. Mawingu yametanda, mnunuzi amesimama na lori, na kila ndoo ya maji machungu ikiachwa ikauke pale pale inaongeza uzito wa mzigo. Kwa hiyo anaacha vyote vikauke pamoja. Uzito anaupata, na mteja anapata chumvi yenye ukakasi, chungu kidogo mwishoni mwa ulimi, inayolia masika. Naona si haki kumlaumu mkulima peke yake wakati bei ya gunia haitofautishi chumvi safi na chafu. (Maji hayo machungu yenyewe si takataka kila mahali: Wajapani huyaita nigari na huyatumia kugandisha maziwa ya soya yawe tofu.)

Hata baada ya kosa, kuna njia ya kurekebisha, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika habari hii. Chumvi chafu huoshwa kwa maji ya chumvi. Maji matamu yangeila. Lakini maji yaliyokwisha kushiba kloridi ya sodiamu hayawezi kuchukua zaidi ya hiyo, hata ukiyakoroga kutwa. Magnesiamu hayajashiba, kwa hiyo magnesiamu huichukua. Unamwaga maji hayo juu ya lundo, yanapita, yanashuka na uchungu wote, na lundo linabaki karibu na uzito wake. Hakuna dawa iliyotiwa wala mashine kubwa.

Usafi huo unagusa afya moja kwa moja, kwa sababu ya madini joto. Iodini inaweza kutiwa kwenye chumvi kwa sura mbili: iodaidi ya potasiamu au iodeti ya potasiamu. Ya kwanza huyeyuka kupita kiasi, zaidi ya gramu 140 katika mililita 100 za maji. Ya pili gramu 8 tu au 9. Katika chumvi inayolowa, iodaidi hufuata unyevu, ikashuka chini ya gunia au ikatoka nje kabisa, na isipotoka huharibika ikikutana na hewa. Iodeti hutulia. Ndiyo maana nchi za joto na unyevu zilichagua iodeti. Hata hivyo, mfuko ukivuja maji kila masika, hata hiyo haina usalama.

Lakini kwa nini chumvi moja ikubali maji na nyingine ikatae? Molekuli ya maji haina usawa: upande wa oksijeni umeelemea kwenye chaji hasi, upande wa haidrojeni kwenye chaji chanya. Punje ya chumvi ikitumbukia, molekuli za maji huzizingira chembe zake, zile tunazoziita ayoni, na kuzing’oa moja moja. Upande wa pili, ayoni hizo zenyewe zinavutana ndani ya fuwele na hazitaki kuachana. Matokeo hutegemea nguvu ipi imezidi. Kuvunja moli moja ya fuwele za chumvi ya mezani kunahitaji kilojuli 787 hivi. Maji yanapozikumbatia ayoni hizo hurudisha karibu kiasi hicho hicho, pungufu ya kilojuli kama 4 tu. Nguvu mbili kubwa mno zinakaribia kulingana, na ile tofauti ndogo ndiyo inayoonekana kwenye glasi.

Kwa sababu hiyo kubahatisha ni hatari. Mtu anaweza kusema: ayoni zenye chaji mbili hushikana zaidi, basi chumvi zake hazitayeyuka. Kwa kaboneti ya kalsiamu ni kweli. Lita nzima ya maji safi inachukua miligramu 13 hivi. Kwa salfeti ya bariamu ni kweli zaidi, miligramu 2 na ushee. Halafu inakuja salfeti ya magnesiamu, nayo ina chaji mbili kila upande, na inayeyuka gramu 35 katika mililita 100 bila taabu, kwa sababu ayoni ya magnesiamu ni ndogo na maji huing’ang’ania sana. Orodha ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri (chumvi za sodiamu, potasiamu na amoniamu zote huyeyuka, naitreti zote huyeyuka, kloridi isipokuwa ya fedha na ya risasi, na kuendelea) ni orodha ya vipimo vilivyofanywa, si ya sheria moja. Inafaa kwa mtihani wa maabara. Kasoro yake ni kwamba inajibu ndiyo au hapana, wakati mambo yote ya maana hutokea katikati, kwenye swali la kiasi gani na katika hali gani.

Joto ni mfano. Wengi huamini kwamba maji ya moto huyeyusha zaidi, na kwa sukari na chumvi nyingi ni kweli. Shura, ambayo ni naitreti ya potasiamu, katika gramu 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyuka gramu 32 hivi. Maji hayo hayo yakichemka yanabeba karibu gramu 246. Watengeneza baruti wa zamani waliitumia siri hii. Waliiyeyusha shura chafu kwenye maji ya moto, wakayaacha yapoe, shura ikaanguka kwa wingi huku chumvi ya kawaida iliyochanganyika nayo ikibaki majini. Kwa sababu chumvi ya kawaida haijali joto: gramu 36 kwenye maji ya kawaida, 39 kwenye yanayochemka. Chokaa iliyozimwa nayo hufanya kinyume, huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto.

Zile gramu tatu kati ya 36 na 39 zimegharimu misitu. Huwezi kupata chumvi kwa kupoza maji yake. Lazima uyaondoe maji yenyewe. Pwani jua linafanya kazi hiyo bure. Uvinza, mkoani Kigoma, chemchemi za chumvi karibu na Mto Ruchugi zimekuwa zikichemshwa kwa kuni tangu zamani sana. Uchimbaji wa akiolojia ulioripotiwa na John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1968 ulionyesha kwamba kazi ilikuwapo tangu katikati ya milenia ya kwanza. Karne ya 19 watu walikusanyika pale kiangazi kutoka pande zote, wakachemsha vyungu, na chumvi ikasafiri na misafara kuvuka Ziwa Tanganyika. Sifa ya Uvinza ilitokana na maji yake: ni makali, na kilichomo ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Chemsha, kausha, umemaliza. Hapakuwa na foleni ya kusimamia.

Katwe ni habari nyingine. Ziwa hilo la kreta, magharibi mwa Uganda katika wilaya ya Kasese, lina kloridi, salfeti na kaboneti ya sodiamu zote pamoja na kwa wingi. Zote zinayeyuka vizuri, kwa hiyo hakuna inayotoka mapema na kuziachia nyingine nafasi. Hutoka zikiwa zimefuatana kwa karibu, mara nyingine zimekumbatiana ndani ya fuwele moja. Wenyeji wamezoea kuzitenganisha kwa kuvuna mahali tofauti: chumvi ya chakula kwenye vidimbwi vya pembeni msimu wa kiangazi, na mabamba magumu yanayokatwa chini ya ziwa kwa ajili ya mifugo. Kiwanda kilichojengwa miaka ya 1970 na wahandisi wa Ujerumani Magharibi kilitakiwa kufanya kazi hiyo kwa mabomba na mvuke. Kilipoanza, maji ya ziwa yaliyala mabomba, na kazi ikasimama. Vidimbwi viliendelea.

Katwe haiko peke yake. Kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, Magadi upande wa Kenya na Natron upande wa Tanzania, unakuta maziwa ambayo foleni yake ilianza kama ya bahari ikaishia kwingine kabisa. Mvua inanyesha juu ya miamba ya volkano, maji yanabeba sodiamu, kalsiamu kidogo na bikaboneti nyingi. Jua likiyapunguza, wa kwanza kutoka ni yule yule, kaboneti ya kalsiamu. Hapo ndipo njia inapogawanyika. Kila ayoni ya kalsiamu inayoanguka inaondoka na kaboneti moja. Kalsiamu ikiwa nyingi kuliko kaboneti, kaboneti itaisha kwanza, kalsiamu itakayobaki itakuja kuwa jasi, na maji yataelekea njia ya bahari. Kaboneti ikiwa nyingi, kalsiamu ndiyo itakayoisha, na kaboneti iliyobaki haina mwenzi mwingine ila sodiamu. Hayo ndiyo magadi. Lawrence Hardie na Hans Eugster waliandika maelezo hayo mwaka 1970, na Eugster alikuwa ameshalichunguza Ziwa Magadi kwa miaka; hata madini ya magadiaiti, aliyoyaeleza mwaka 1967, yana jina la ziwa hilo. Tofauti ndogo ya mwanzo, kwenye kijito kisichoonjeka hata chumvi, inaamua kama mwisho wa safari utavuna jasi au magadi.

Ziwa Magadi limekuwa na kampuni ya kuchimba magadi hayo tangu 1911, na magadi yake huenda kwenye vioo na sabuni. Katika maji yanayobaki baada ya magadi kuganda huvunwa pia chumvi ya kawaida, kwa sababu ile ile tuliyoiona pwani: mmoja akitoka, mwingine anaachiwa nafasi.

Kusini mwa Ziwa Natron kuna Ol Doinyo Lengai, mlima wa karibu mita 2,960, ambao mwanajiolojia J. B. Dawson aliuandikia makala katika jarida la Nature mwaka 1962 akieleza jambo lililowashangaza wenzake: lava yake ni kaboneti ya sodiamu. Volkano za kawaida hutapika mwamba wa silika ulioyeyuka kwa joto la nyuzi 1,000 au zaidi. Lengai hutapika kwa nyuzi 500 hadi 600 lava nyeusi, nyepesi kiasi cha kutiririka karibu kama maji. Moja ya madini yake makuu ni kaboneti ya sodiamu na kalsiamu inayoitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Lava hiyo ikipoa haidumu kama mwamba. Unyevu wa hewa huigeuza nyeusi kuwa kijivu, kisha nyeupe, na mvua huyeyusha sehemu yake na kuishusha bondeni. Wanaoutazama kwa mbali hudhani ni theluji. Sijui mlima mwingine ambao mvua inaula mbele ya macho ya mtu mmoja.

Jikoni, magadi yana kazi tunayoijua wote: kulainisha maharage, makande na choroko. Ganda la maharage limeshikizwa kwa pektini, na pektini imefungwa kwa kalsiamu. Maji ya magadi huondoa kalsiamu na kulegeza pektini, chakula kinaiva kwa kuni kidogo. Gharama yake ni vitamini B1, ambayo haivumilii maji ya namna hiyo. Gharama ya pili huonekana baada ya miaka, kwenye meno.

Meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro yanatokana na floridi, na habari ya floridi haieleweki bila kalsiamu iliyoondoka. Floridi ya kalsiamu huyeyuka kwa shida, miligramu 16 hivi kwa lita. Maji yenye kalsiamu nyingi kwa hiyo hayawezi kubeba floridi nyingi; zikikutana zinaganda. Lakini maji ya Bonde la Ufa, kama tulivyoona, yamekwisha kupoteza kalsiamu yake kwa chokaa. Floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano haikuti wa kuizuia, inabaki na sodiamu, na floridi ya sodiamu huyeyuka gramu 40 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Visima na chemchemi nyingi za huko hupita hapo mara kadhaa, na kwa muda mrefu Tanzania ililazimika kukubali kiwango cha muda cha miligramu 8 vijijini kwa kuwa maji mengine hayakuwapo. Magadi ya kupikia yanayotoka katika maziwa hayo hayo huongeza floridi yake juu ya ile ya kisimani, na mtoto anayekula makande kila siku anakula pia magadi.

Kuchemsha hakusaidii. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu watu huchemsha maji kwa nia njema: mvuke unaondoka, floridi inabaki, tena imekolea zaidi. Kinachotakiwa ni kuipa floridi mwenzi ambaye wakishikana hawaachiani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi kwa miaka na mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Mfupa ni fosfeti ya kalsiamu. Uliochomwa vizuri unabaki na vitundu vingi, maji yakipita floridi inanaswa juu yake na kujenga madini yasiyoyeyuka hata kuliko mfupa wenyewe. Ndilo jambo linalotokea kwa kiasi kidogo kwenye jino lililopigwa dawa ya meno yenye floridi. Kichujio kina mwisho wake: mkaa ukishashiba floridi hupitisha maji yalivyo, bila kubadilika rangi wala ladha, na asiyepima hatajua. Mkaa usioiva nao hutoa harufu isiyosahaulika, na familia nyingi ziliacha vichujio kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kemia.

Lakini yote haya ni maji peke yake, na tumbo si maji peke yake. Hospitalini mgonjwa wa tumbo hunyweshwa uji mweupe wa salfeti ya bariamu kabla ya picha ya eksirei. Bariamu ni sumu. Uji huo hauumizi kwa kuwa hauyeyuki, unapita ulivyoingia. Kaboneti ya bariamu nayo haiyeyuki majini, na mtu angeweza kudhani ni salama vile vile. Iliwahi kutumika kama sumu ya panya. Asidi ya tumbo huivunja kaboneti, bariamu ikaachiliwa, na panya akafa. Salfeti haiguswi na asidi hiyo. Anayeosha utando mweupe wa birika kwa ndimu, katika nyumba zinazotumia visima vya matumbawe, anafanya yale yale kwa chokaa: maji ya moto yaliyoijenga hayawezi kuitoa, ndimu inaitoa kwa dakika chache.

Asidi ndiyo inayoamua pia hatima ya Minjingu. Kilima hicho cha fosfeti karibu na Ziwa Manyara kinatokana na vinyesi na mifupa ya viumbe vya kale, hasa ndege waliokula samaki; kiligunduliwa mwaka 1956 na uchimbaji ukaanza mwaka 1983. Kwa asili ni ndugu wa mkaa wa mifupa wa Ngurdoto, fosfeti ya kalsiamu. Ukiikoroga kwenye glasi ya maji itakaa chini kama vumbi. Mbolea kama DAP huyeyuka papo hapo, na wauzaji wengi huitumia tofauti hiyo kuidharau ya Minjingu mbele ya mteja. Jaribio hilo la glasi halina maana, maana mmea haumo ndani ya glasi. Kwenye udongo wenye asidi, wenye pH chini ya 6 hivi na kalsiamu haba, kama ulivyo sehemu kubwa ya Kenya magharibi na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, asidi ya udongo huitafuna polepole, na fosforasi hutoka msimu huu na msimu ujao, pamoja na kalsiamu inayopunguza ukali wa udongo huo. Fosforasi ya DAP, iliyotoka yote kwa mara moja, kwenye udongo huo huo hunaswa haraka na chuma na alumini.

Peleka mfuko ule ule wa unga wa Minjingu kwenye udongo wa magadi kandokando ya maziwa tuliyoyataja, wala si mbali na kilima chenyewe, na utakuwa umemwaga mchanga shambani. Pale kuna asidi kidogo mno ya kuugusa. Kwa hiyo muuza pembejeo akikuuliza unalima wapi na udongo wako umepimwa lini kabla hajakupimia, usimwone mbea.